Gari linageuza mkia kwenye kona mvua ikinyesha: nianzie shokapu, matairi au barabara?

MkaziWaMwanga

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kituo changu cha kazi kiko Kasulu, kwa hiyo kila Jumatatu alfajiri na kila Ijumaa jioni niko njiani. Gari langu ni Toyota ndogo inayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo niliiagiza Japani mwaka jana.

Kiangazi chote halikunisumbua. Tangu mvua zianze limenitoa jasho mara tatu, na mara zote ni kwa namna ileile: niko kwenye kona, lami imelowa, mwendo ni kama 60, naachia mafuta kidogo, na hapo mkia unataka kunitangulia. Ijumaa iliyopita, nikiwa nimeshapita Kidahwe na ninakaribia Mwandiga, gari liligeuka kabisa hadi pua ikaelekea nilikotoka. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na lori lililokuwa likija.

Nimewaona mafundi watatu, nao wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anataka tubadilishe shokapu zote nne. Wa pili alipima alaimenti ya mbele, yaani jinsi magurudumu yalivyonyooka, akachukua fedha yake, akasema iko sawa. Wa tatu alinishauri niweke mfuko wa mchanga kwenye buti ili nyuma pawe pazito. Matairi ya mbele ni mapya, niliyanunua mwezi Septemba. Ya nyuma ni yaleyale yaliyokuja na gari, lakini bado yana kashata, yale mafungu ya mpira yanayokanyaga barabara, na hayajawa vipara. Ningependa kujua nianzie wapi kabla sijaingia gharama.

FundiMatairi_Gungu

Pole sana, kaka. Mchanga uache kwanza, kwa sababu uzito uliokaa nyuma kabisa ya gari dogo ndio utakaolisukuma mkia kwa nguvu zaidi pale utakapoanza kuhama.

Umeeleza jambo moja la maana ambalo wengi hulisahau, yaani kwamba kilichohama ni nyuma na siyo mbele. Kama ingekuwa mbele, ungekata usukani na gari lingeendelea kwenda moja kwa moja kama halikusikii. Jambo la pili ni mwendo. Gari likielea juu ya maji, usukani huwa mwepesi ghafla, na kwa gari la aina yako injini huvuma bila mwendo kuongezeka. Kuna kanuni iliyotokana na majaribio ya NASA ya miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege, ambayo kwa makadirio huonyesha kwamba tairi lenye upepo wa 32 (psi, kipimo cha geji zetu) huanza kuelea kwenye maji mengi kwa mwendo wa kama kilomita 94 kwa saa, na lenye upepo wa 22 kwa mwendo wa kama 78. Wewe ulikuwa kwenye 60. Kwa hiyo, isipokuwa kama matairi yako hayana upepo kabisa, sidhani kama ulielea; nadhani mpira wenyewe haukushika lami.

Naomba unisomee mambo manne kutoka kwenye matairi ya nyuma, gari likiwa limepoa. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, na mwishoni mwake utaona tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Chukua njiti ya kiberiti, izamishe kwenye mfereji wa tairi, weka alama kwa ukucha, kisha pima kwa rula. Fanya hivyo ukingo wa ndani, katikati na ukingo wa nje, kwa sababu wengi hutazama ukingo wa nje tu kwa kuwa ndio unaoonekana bila kuinama. Pima upepo kwa geji, usiupime kwa kupiga teke. Mwisho, soma kama ubavuni kuna neno STUDLESS au alama ya mlima yenye chembe ya theluji ndani yake.

Dereva_wa_Uvinza

Ninaheshimu maelezo ya fundi, ila mimi ningeanza na barabara. Nimeendesha malori kati ya Kigoma na Tabora kwa miaka mingi, na ninajua kwamba mvua za kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko zile za Machi. Mafuta yaliyodondoka, vumbi na mpira uliosagika hukaa juu ya lami kwa miezi, na manyunyu ya kwanza huvigeuza kuwa utelezi mtupu. Mvua kubwa ikipiga nusu saa, barabara huoshwa na kurudi katika hali yake. Hapa kwetu ongeza mawili. Kila njia ya udongo mwekundu inapoingia kwenye lami, magari hupandisha tope na kulitandaza mita nyingi. Tena kuna mawese: dumu moja likivuja nyuma ya pikapu kwenye mteremko, mstari wake huonekana kwa siku kadhaa, na ukipata maji unang'aa kama kioo. Niliwahi kushuka kwenye lori nikaugusa kwa kidole, nikakuta ni rangi ya chungwa na unanuka jikoni kabisa.

Kwa hiyo swali langu ni hili: hizo mara tatu zilikuwa sehemu moja au tofauti? Gari linaloteleza kwenye kona moja tu, kosa liko kwenye kona.

MkaziWaMwanga

Nawashukuru nyote. Mzee wa Uvinza, zilikuwa sehemu tatu tofauti, na mara ya tatu mvua ilikuwa imenyesha tangu saa nane mchana, kwa hiyo nadhani barabara ilishaoshwa.

Nimelala chini ya gari jioni hii nikiwa na tochi. Tarakimu za matairi yote mawili ya nyuma ni 3815. Kushoto, njiti ilionyesha milimita 4 pote. Kulia ni 4 nje, 3 katikati, na ukingo wa ndani haufiki 2. Upepo ni 30 kushoto na 29 kulia. Neno STUDLESS lipo, na kashata zimejaa vichanjo vyembamba kama vya wembe. Ukucha unateleza juu ya mpira kana kwamba ni plastiki. Sikujua kwamba neno lile lina maana yoyote.

FundiMatairi_Gungu

Basi tumefika. Hayo ni matairi ya theluji, kaka. Yalitengenezwa juma la 38 la mwaka 2015 kwa ajili ya majira ya baridi ya Japani. Mpira wake hutengenezwa uwe laini kwenye baridi kali, na vile vichanjo kazi yake ni kung'ata barafu. Kwenye lami ya joto kashata hizo hucheza, na kwenye maji breki yake huwa ndefu hata yakiwa mapya; yakishazeeka na kukauka kama yako, yanakosa ule ulaini ambao ndio uliokuwa sifa yake pekee. Kina cha milimita 4 kilikudanganya. Sheria za nchi nyingi hutaka angalau 1.6, nawe uko juu ya hapo karibu kote, lakini kina huondoa maji tu, wakati anayeshika barabara ni mpira.

Sasa ukaweka matairi mapya mbele. Karibu kila mteja wangu hufanya hivyo, akisema injini inavuta mbele. Mbele pakiteleza, ukiachia mafuta gari hurudi lenyewe. Nyuma pakiteleza, una chini ya sekunde moja ya kugeuza usukani inavyotakiwa, na wengi wetu hatuwezi. Ulipoachia mafuta kwenye kona, uzito ulihamia mbele kwenye matairi mazuri na kuyaacha mabaya bila mzigo. Kwa hiyo hamisha mapya yaende nyuma kesho asubuhi, halafu ununue mawili mengine ya aina ileile kwa ajili ya mbele mara upatapo fedha. Upepo fuata karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama imeandikwa 220 au 230, hizo ni kilopaskali, sawa na 32 au 33 kwenye geji zetu.

Ukingo wa ndani wa tairi la kulia ni habari nyingine. Magari madogo mengi ya aina hiyo yana ekseli ya nyuma ambayo haina mahali pa kurekebishia, kwa hiyo alaimenti ya mbele isingeweza kuonyesha kitu. Mwambie fundi akague bushi za ekseli, ile mipira inayoishikilia kwenye gari, na kama haikupinda kwa shimo. Gari likiwa juu ya jeki, azungushe magurudumu yote mawili kwa mkono: likigoma moja, breki ya upande huo inashika na yenyewe itageuza gari kwenye maji. Shokapu azitazame kama zinavuja mafuta au kama tairi lina mabonde mabonde. Bila hayo, usinunue shokapu.

MkaziWaMwanga

Narudi na taarifa baada ya wiki mbili. Matairi mapya yako nyuma, na mbele nimenunua mengine mawili. Magurudumu ya nyuma yalizunguka vizuri yote, shokapu ni kavu, ila bushi ya kulia ilikuwa imechanika kiasi cha kuingiza bisibisi, nayo imebadilishwa. Ijumaa nilirudi kutoka Kasulu kwenye mvua tangu mwanzo hadi mwisho. Pale karibu na Mwandiga nilipita kwa 50, nikaachia mafuta makusudi nyuma yangu kukiwa hakuna mtu, na gari likafuata usukani. Yale matairi ya theluji fundi aliniambia nisimuuzie mwenye gari, kwa hiyo nimempa kijana wa mkokoteni wa pale Kibirizi.