Naomba ushauri: bili ya simu ya intaneti Marekani, kodi ni ipi na ada ya kampuni ni ipi?

Habari zenu wakuu. Niko Minnesota, nina ofisi ndogo ya kusafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar. Simu ya ofisi inapita kwenye intaneti. Tulikubaliana dola 20 kwa mwezi kwa laini, lakini bili inakuja karibu dola 30.

Ada ya 911, namba ya dharura ya huku, naielewa na sina ugomvi nayo. Ukipata dharura lazima wajue uko wapi. Kodi ya mauzo pia sawa.

Kinachoniumiza ni mchango wa mfuko wa mawasiliano kwa wote, yaani ule wa kufikisha simu na intaneti vijijini na kwa wasio na uwezo. Tangu 2006 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, inazitaka kampuni za simu za intaneti zichangie, na zinaruhusiwa kumtupia mteja mzigo huo. Kampuni isiyopima simu zake inaweza kuhesabu kwamba asilimia 64.9 ya mapato yametokana na simu za nje ya jimbo na nje ya nchi. Kiwango cha mchango kwenye mapato hayo hubadilika kila robo mwaka, na mwaka 2025 kilivuka asilimia 35. Wateja wangu wengi wako humu humu jimboni! Je, kuna aliyefanikiwa kuomba hesabu ifuate simu halisi?

Halafu kuna "ada ya kurejesha gharama za udhibiti". Nijuavyo, hiyo si kodi ya serikali, ni kampuni yenyewe imeipanga. Aliyewahi kuipinga ikafutwa, au akahama kampuni kwa sababu yake, naomba anieleze alivyofanya.