Kasoro tuliyorekebisha toleo 1.4 imerudi 1.5. Mnapangaje matawi ya Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi)?

Mnyamwezi_Kodi: Wakuu habari zenu. Tupo watatu hapa Tabora mjini, tunatengeneza programu ya kurekodi mizani ya tumbaku kwa vyama vya msingi. Laptopu zipo vijijini Urambo na Sikonge, mtandao wa kubahatisha, toleo jipya tunalipeleka kwa flashi. Kwa hiyo vyama vingine bado vipo 1.4, vingine 1.5.

Msimu huu tulirekebisha hesabu ya makato ndani ya tawi la 1.4 (nakala ya kodi inayoendelezwa pembeni), haraka haraka, soko likiendelea. Hakuna aliyeyapeleka marekebisho main, yaani tawi kuu. Tulipotoa 1.5 kosa likarudi vilevile. Aliyetuonyesha ni mkulima, karatasi ya mauzo mkononi. Iliniuma sana, hiyo ni hela ya mtu aliyekesha akichochea moto wa bani la kukaushia tumbaku. Nifanyeje isijirudie?

Isevya_Juu: Pole mkuu. Fuata utaratibu wa kernel ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo): rekebisho linaingia kwanza tawi kuu, ndipo linanakiliwa matoleo ya nyuma. Kunakili, tumia `git cherry-pick -x`, inaacha namba ya komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya asili kwenye ujumbe.

Fundi_wa_Ujiji: Hapo napingana kidogo. Main ikishabadilika sana, kunakili kurudi nyuma ni migongano mitupu. Mwongozo wa Git yenyewe unashauri kinyume: rekebisha kwenye tawi la zamani kuliko yote mnalolihudumia na lenye kasoro hiyo, kisha unganisha kwenda juu. 1.4 iingie 1.5, 1.5 iingie main. Kabla ya kutoa toleo andika `git log main..toleo-1.4`. Ikirudi tupu, hakuna kilichosahaulika. Kwa cherry-pick kipimo hiki hakifai, komiti inapata namba mpya.

Dada_Programu: Na usidanganywe utupe matawi ya matoleo kwa kuwa wenye tovuti wameyatupa. Vincent Driessen aliandika git-flow, mtindo wa kupanga matawi, 2010. Mwaka 2020 akaongeza kwamba wanaotoa programu za wavuti mfululizo watafute mtindo rahisi zaidi, ila wenye matoleo kadhaa mikononi mwa watu git-flow bado unaweza kuwafaa. Nyie ndio hao. Lakini kaka, jaribio la hesabu ya makato liko wapi? Lingepiga kelele kabla ya flashi kutoka mjini.

Mnyamwezi_Kodi: Halipo dada, naliandika leo kwa namba za karatasi ya yule mzee, nikishamwomba. Fundi, nimeendesha amri yako: komiti mbili zipo 1.4, main hazipo. Moja ya makato, nyingine ya kuchapisha risiti, hata sikuikumbuka. Naanza kuunganisha sasa hivi.