Wapenzi wa siga za Cuba tupeane uzoefu: ulinunua wapi, unazitunzaje kwenye joto letu, ipi imekukaa moyoni?

Wakuu, salaam.

Za kahawa tumeongea, za saa za mkono tumeongea, siga bado, na najua tupo. Nazungumzia siga za Cuba, zile nene zinazosokotwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku. Moshi wake hauvutwi mapafuni. Unaukaribisha mdomoni, unauonja, unauachia. Moja inaweza kukuweka kitini saa nzima. Niseme mapema kwamba nikotini ni nikotini na madhara yapo hata usipovuta mapafuni, kwa hiyo ambaye hajaanza hajakosa kitu. Uzi huu ni wa watu wazima ambao tayari wamo, wa mara moja moja, hasa safarini.

Naanza mimi, niko Dar. Havana nilipelekwa na kazi, na jioni ya kwanza nikaenda lilipo jengo la zamani la kiwanda cha siga cha Partagás, nyuma ya Capitolio, jengo la bunge. Chapa hiyo ni ya 1845. Usokotaji ulishahamishwa, ila duka lilikuwepo. Kabla hujafika mlangoni utakutana na vijana wapole sana. Mmoja aliniambia leo ni siku ya ushirika, wafanyakazi wanaruhusiwa kuuza nusu bei. Mwingine shemeji yake anafanya kazi kiwandani. Hadithi hiyo wanasimuliwa wageni wote, kila siku. Niliwashukuru nikaingia dukani, nikachukua Partagás Serie D No. 4, sanduku la kumi.

Sanduku halali lina muhuri wa dhamana wa serikali, utaratibu ulioanza 1912, na siku hizi una hologramu na namba unayoweza kuhakiki kwenye tovuti ya Habanos S.A., kampuni inayouza siga za Cuba dunia nzima. Ligeuze chini: utakuta maneno Hecho en Cuba (imetengenezwa Cuba) na Totalmente a mano (kwa mkono kabisa), kisha alama za siri za kiwanda na mwezi na mwaka wa kufungashwa. Ukiona Cohiba, chapa yao ya bei kali, kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo, ondoka. Hazijawahi kuuzwa hivyo.

Kwa nini kumi na si ishirini na tano? Forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri gramu 250 za tumbaku kwa jumla bila ushuru, na robusto, yaani siga fupi nene kama hizo nilizochukua, zikiwa ishirini na tano zinaweza kuvuka hapo.

Karibuni.

Mnyamwezi wa Nje

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi nimekulia Urambo, Tabora, nyumbani kulikuwa na mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku, kwa hiyo tumbaku kwangu ilikuwa kazi na ada ya shule. Sikuwahi kuiwaza kama kitu cha kuonja. Nilipofika Cuba niliamua kuacha Havana niende Pinar del Río, bonde la Viñales, kumtazama mkulima mwenzetu.

Ardhi ni nyekundu, wanalima kwa ng'ombe, miche inahamishiwa shambani kuanzia Oktoba na majani yanachumwa Januari hadi Machi. Lakini bani lao! Sisi tumbaku ya mvuke tunaichomea kuni siku kadhaa na misitu inaisha. Wao hawawashi moto kabisa. Nyumba ni ya mbao na makuti, majani yananing'inia kwenye fito, na mkulima kazi yake ni kufungua na kufunga milango kufuata upepo na unyevu, wiki baada ya wiki, mpaka kijani kigeuke hudhurungi. Baadaye yanarundikwa na kuvundikwa, rundo linapata joto lenyewe na ule ukali unatoka. Nilisimama mle ndani nikanusa, nikamkumbuka marehemu baba. Harufu ni nyingine, lakini ni ndugu.

Mzee mwenyeji wetu alieleza kwamba asilimia 90 ya mavuno anaiuzia serikali, 10 inabaki kwake. Kwenye hiyo kumi ndipo anaposokota za kwake, hazina pete ya karatasi wala jina. Alinisokotea moja mezani, kisha akachovya kichwa cha siga, upande wa mdomoni, kwenye asali. Mtu wa Tabora akipewa tumbaku na asali kwa pamoja, ugenini, mwisho wa dunia, unafikiri atasema nini? Nilikaa kimya nikavuta mpaka vidole vikahisi moto.

Septemba 2022 kimbunga Ian kilipita hapohapo Pinar del Río na kubomoa maelfu ya mabani. Wanaolalamikia bei na uhaba wa siku hizi wakumbuke kuna mtu alianza upya kukata fito.

Jioni ya Nairobi

Habari zenu. Mimi nazungumzia utunzaji kwa sababu hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 16 hadi 18. Nairobi tumebahatika, tuko juu na usiku kuna baridi, shida yetu ni ukavu wa Januari na Februari. Sinunui yale masanduku ya kifahari ya mwerezi. Natumia kontena la plastiki la kufunga kwa klipu, vipande vya mwerezi ndani, na zile pakiti za unyevu za 65. Natoa siga moja, nafunga mara moja.

Ndugu zetu wa Dar na Mombasa hali yenu ni tofauti. Kuna mdudu mdogo wa tumbaku, mayai yake yanaweza kuwa ndani ya jani na joto likikaa juu ya nyuzi 24 yanaanguliwa. Ukiona tundu dogo la duara kwenye siga, ni yeye, na atakula sanduku zima. Dawa ni baridi: funga siga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, friji siku moja, friza siku tatu, rudisha friji siku moja, ndipo utoe nje. Usiruke ile hatua ya friji, jani la nje litapasuka.

Kingine, msivutie popote. Kenya sheria ya 2007 iko wazi kuhusu maeneo ya umma, na hata nyumbani watoto hawana haja na moshi wetu.

Mzee wa Kahawa Tungu

Waaleikum salaam na wenzangu. Mwenyeji wa Mombasa hapa. Wazungu husema siga na pombe kali. Mimi situmii pombe. Montecristo No. 4, ile fupi ya kiasi, na kahawa tungu yenye tangawizi, na kipande cha haluwa pembeni, baada ya chakula, upepo wa bahari ukiwa umetulia. Ile tangawizi huitoa ladha ya tumbaku iliyojificha, nyengine kama kakao, nyengine kama mti mkavu. Ijaribuni. Natunza kwenye friji ndogo ya mvinyo aliyoniletea mwanangu kutoka Muscat, joto 18, sijaona mdudu tangu hapo.

Mwana Kigoma

Mimi ni mgeni kwenye siga, nimeingilia kwenye historia. Aprili 1965 Che Guevara alipita kwetu Kigoma akavuka ziwa kwenda Kongo, jina lake la vita likiwa Tatu. Baada ya kushindwa kule alijificha miezi kadhaa ubalozi wa Cuba Dar es Salaam. Pumu alikuwa nayo na siga hakuacha. Nikinunua moja, huwa nawaza safari ile ya ziwani. Ila swali langu kwa wakongwe: nianze na ipi? Nasikia Cohiba ndiyo baba lao.

Mbeba Maboksi, Minnesota

Huku Marekani ni marufuku, wadau. Vikwazo ni vya Februari 1962, na msemaji wa Kennedy alisimulia kwamba usiku wa kuamkia kutia saini alitumwa atafute siga za Cuba, akampelekea rais Petit Upmann 1,200. Oktoba 2016 wasafiri tuliondolewa kikomo cha thamani cha kuingia nazo kwa matumizi binafsi, Septemba 2020 ruhusa ikafutwa. Kwa hiyo mimi navutia Toronto nikimtembelea dada. Kodi ya Kanada inauma, lakini nimekaa barazani kwake na kitu halali mkononi, siangalii nyuma.

Mwanzisha uzi

Mwana Kigoma, usianze na Cohiba. Ni nzuri kweli, lakini tangu 2022 bei zake zimepandishwa dunia nzima na ulimi wako bado hautaona tofauti. Chukua Hoyo de Monterrey Epicure No. 2, ni laini, au hiyo Montecristo No. 4 ya mzee wetu. Nunua mbili tu, kwenye duka lenye sanduku la kukuonyesha.

Kula ushibe kwanza. Kata ncha ya kichwa kama milimita mbili, isizidi, jani lisije likafunguka. Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu bila kugusisha moto, ukizungusha mpaka duara lote liwe jekundu. Kisha vuta mara moja kwa dakika. Ukiharakisha inapata joto na kuwa chungu, na watu wengi wanaosema siga ni kali walivuta kwa pupa. Ukisikia kichwa chepesi na jasho la ghafla, weka chini, kunywa kitu chenye sukari, usijilazimishe kumaliza. Theluthi ya mwisho iache ijizimie yenyewe.

Ukishavuta, rudi utuambie uliionaje.