Kibamia, rula na vumbi la Kongo: tupeane uzoefu wa tunayoyajua kitabibu

Kinena
Wakuu, uzi huu ni wa wanaohudumu kliniki, wodini na kaunta za dawa. Stori za chumbani kila mtu abaki nazo. Leta dhana potofu moja kuhusu ukubwa wa uume unayoisikia sana, halafu utuambie tiba inasemaje.

Naanza na kipimo, maana wengi hupotea hapo kabla hata hawajamfikia mganga. Uume uwe umesimama kabisa. Rula ngumu iwekwe upande wa juu, wa tumboni, si upande wa korodani. Isukume mpaka igote mfupa wa kinena, kisha soma kwenye ncha ya kichwa. Govi halihesabiwi. Usipoigotesha, mafuta ya kinena yanameza sentimita zako: mwenye kitambi anadhani uume umepungua, kumbe umefunikwa tu. Mzingo upime kwa tepu ya fundi cherehani, kwenye shina.

Sasa namba. Mwaka 2015 watafiti wa King's College London waliunganisha tafiti ambazo wataalamu wa afya ndio walioshika rula, jumla ya wanaume 15,521. Wastani ulitoka sm 9.16 ukiwa umelala, 13.24 ukivutwa na 13.12 ukisimama, mzingo 9.31 umelala na 11.66 umesimama. Katika wanaume 100, kama watano tu ndio wanaozidi sm 16, na watano wengine wako chini ya sm 10. Hizo inchi 8 na 9 zinazotajwa vijiweni hakuna aliyezipima.

Nesi wa Zamu
Naongezea: ulivyolala hakutabiri utakavyosimama. San Francisco mwaka 1996 walipima wanaume 80; wastani ulikuwa sm 8.8 umelala na 12.9 umesimama, na urefu wa kulala haukusaidia kukisia wa kusimama. Ule wa kuvutwa ndio ulioukaribia, ndiyo maana daktari anauvuta akipima. Baridi, hofu na maji ya bombani asubuhi vinausinyaza kwa muda, basi.

Na kiatu? London mwaka 2002 walilinganisha namba ya kiatu na uume wa wanaume 104. Hakuna uhusiano. Mambo ya vidole na pua msiniulize.

Kaunta ya Dawa
Kwangu ni vumbi la Kongo (unga unaouzwa kama wa kuongeza nguvu za kiume), vidonge vya "mitishamba asilia" na krimu za kurefusha. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka iliyothibitishwa kuongeza urefu wa uume wa mtu mzima. Mbona basi mteja anaapa kwamba imefanya kazi? Kwa sababu bidhaa nyingi za aina hii zikipimwa maabara hukutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa iliyomo kwenye Viagra ya kusaidia uume kusimama. Uume unasimama vizuri zaidi kuliko alivyozoea, yeye anasoma hilo kuwa umekua.

Hatari yake iko kwenye kipimo. Sildenafil halali ni miligramu 25, 50 au 100, na daktari anajua unatumia nini kingine. Ya kwenye vumbi haijulikani ni kiasi gani. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti (za maumivu ya kifua) akiichanganya nayo, presha inaporomoka ghafla na anaweza kufa.

Testosteroni, homoni ya kiume, nayo: baada ya balehe kukamilika haiongezi urefu. Ukijidunga ovyo, ubongo unaacha kuziamrisha korodani. Zinasinyaa na mbegu zinakatika. Mtu anatafuta ukubwa, anaondoka na ugumba.

Chumba cha Upasuaji
Niwaambie kwa nini uume haurefuki kwa kukandwa. Ndani kuna mirija miwili ya sponji inayojaa damu, nayo imevikwa ala ngumu, kama tairi linavyoubana mpira wa ndani. Ala ndiyo inayoweka kikomo. Ukiukamua kwa nguvu ala hiyo inaweza kuchanika kidogo kidogo, ikapona kwa kovu, na kovu halitanuki: uume unapinda na kufupika. Huo ni ugonjwa wa Peyronie. Mtu alitaka kuongeza, amepunguza.

Upasuaji wa kurefusha kwa kukata kano inayoushikilia uume kwenye mfupa wa kinena: sehemu ya ndani inaning'inia nje kidogo ukiwa umelala. Ukisimama urefu ni uleule, ila unaelekea chini na kuyumba. Kovu likiivuta kano ikajishika tena, unaweza kuwa mfupi kuliko mwanzo.

Kudunga mafuta ya kula, vaselini au silikoni ndiko kubaya kuliko vyote. Mwili hauwezi kuyayeyusha, unayazungushia vinundu, ngozi inakakamaa na kutoka vidonda. Mwisho tunabandua ngozi yote ya shina na kupandikiza nyingine.

Pampu ya hewa ni kifaa halali cha tatizo la kusimama, si cha kurefusha. Pete yake isikae zaidi ya dakika 30. Kifaa cha kuvuta ndicho pekee chenye ushahidi kiasi: saa 4 hadi 6 kila siku, miezi kadhaa, kwa sentimita 1 au 2. Wengi huchoka mwezi wa kwanza.

Mwanafunzi wa Tiba
Kwa hiyo kibamia cha kitabibu, yaani uume mdogo kupita kiasi, hakipo?

Kinena
Kipo, ila ni nadra. Ni uume ambao ukivutwa uko chini ya wastani wa umri kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2.5 (kipimo cha umbali kutoka wastani), kwa mtu mzima ni kama sm 7.5 au pungufu. Chanzo kikubwa ni upungufu wa homoni tangu tumboni. Hugunduliwa utotoni, na wakati huo sindano chache za testosteroni chini ya uangalizi wa daktari husaidia kweli. Wanaokuja na hofu ukubwani, karibu wote wakipimwa wana kipimo cha kawaida. Hao wanahitaji mazungumzo na mshauri, si kisu.

Nesi wa Zamu
Na tohara haiongezi wala haipunguzi urefu. Faida yake ni nyingine: majaribio ya Kisumu (Kenya), Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini) yalionyesha inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Punyeto nayo haisinyazi chochote.

Kwa upande wa wanawake, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 wenye washiriki zaidi ya 52,000 ulikuta asilimia 85 ya wanawake wameridhika na ukubwa wa mwenzi wao, wakati wanaume walioridhika na wao wenyewe ni asilimia 55. Mishipa ya hisia imejaa kwenye kisimi na theluthi ya nje ya uke, si mwishoni kabisa.

Kaunta ya Dawa
Mzingo una kazi moja ya maana: kondomu. Nyingi za kugawiwa zina upana wa milimita 53 zikilazwa, yaani mzingo wa sm 10.6 kabla ya kutanuka. Kwa wengi zinatosha. Ikikuvuka tafuta ya milimita 49, ikikubana mpaka ganzi tafuta pana zaidi. Ikipasuka, kabla ya kulaumu ukubwa uliza kwanza kama kuna mafuta ya kujipaka yaliyotumika, maana mafuta huozesha mpira kwa dakika chache. Tumia kilainishi cha maji.