Kozmo.com ilikwama wapi: usafiri wa bure au hesabu ya kapu?

Bisi_za_Jioni:
Wakuu, naomba msaada wa uchambuzi. Kozmo.com ilianzishwa New York mwaka 1998 na Joseph Park na Yong Kang. Unaagiza filamu ya kukodi, mchezo wa video, aiskrimu au chipsi mtandaoni, na ndani ya saa moja mtu wa baiskeli anabisha hodi. Mwanzoni hapakuwa na gharama ya usafiri wala kiwango cha chini cha oda. Aprili 2001 ikafungwa. Kila mtu anasema kosa ni usafiri wa bure. Je, wangetoza dola 2 au 3 wangepona? Nataka hesabu ya oda moja, habari za povu la soko la hisa (hisa za kampuni za mtandaoni kupanda kupita kiasi kisha kuporomoka) tumeshazisikia.

MezaYaHesabu:
Mkuu, tufanye mfano. Namba hizi ni za kupigia hesabu tu, si za vitabu vyao.

Kapu, yaani thamani ya oda moja, ni dola 12. Faida ghafi (bei ya kuuza ukitoa bei ya kununulia bidhaa) asilimia 30, yaani dola 3.60. Kuokota bidhaa kwenye rafu na kuzifungasha ghalani, dola 1.50. Mpelekaji analipwa dola 10 kwa saa. Akipeleka oda 2 kwa saa, kila oda inabeba dola 5 za mshahara wake: umepoteza dola 2.90. Akipeleka 3, hasara ni dola 1.23. Akipeleka 5, unabaki na senti 10, na hapo bado hujalipa pango la ghala, kompyuta wala matangazo.

Sasa weka dola 2 za usafiri. Kwa oda 3 kwa saa unapata senti 77. Kwa oda 2 bado una hasara ya senti 90. Kwa hiyo swali la kwanza ni oda ngapi kwa saa kwa kila mtu, na hilo linategemea wateja wamebanana kiasi gani. Manhattan, sehemu ya New York yenye watu waliobanana, jengo moja linaweza kutoa oda 3 kwa jioni moja. Los Angeles unahitaji gari, na nusu ya muda unatafuta pa kuegesha. Kozmo walifika miji 11 kabla hata mji wa kwanza haujasimama wenyewe. Mwaka 1999 mapato yalikuwa dola milioni 3.5 na hasara dola milioni 26.3. Kila dola iliyoingia ilikuja na hasara ya zaidi ya dola 7. Dola 2 za usafiri haziwezi kuziba tundu kama hilo.

Stoo_Usiku:
Naongezea jambo ambalo watu hulisahau: filamu ya kukodi ina safari mbili. Chipsi zikifika zimeliwa, basi. Diski lazima irudi, na ukimtuma mtu kuifuata, safari hiyo haina kapu la kuilipia.

Ndiyo maana waliweka masanduku ya kurudishia madukani. Februari 2000 walikubali kuilipa Starbucks dola milioni 150 kwa miaka 5 ili masanduku yakae na huduma itangazwe kwenye migahawa yake. Mkataba ulivunjwa Machi 2001, wakiwa wamelipa dola milioni 15. Wazo la sanduku ni zuri. Bei ndiyo kichekesho.

Na sanduku halijimalizi lenyewe. Gari lipite kila siku, asubuhi kabla ya saa nne, ili diski ziingie mfumoni kabla ya oda za jioni. Filamu mpya hukodiwa zaidi wiki zake za mwanzo. Ikilala siku 2 ndani ya sanduku, umepoteza mikodisho 2. Diski ya dola 20 inayokodishwa dola 4 inahitaji kutoka mara 5 ili irudishe bei yake tu, bila kuhesabu mshahara.

Dakika 60 zenyewe ni chache kuliko zinavyosikika. Kuokota 8, kufungasha 3, kusubiri oda jirani 15, njiani 20, lifti na mlango 5. Zimebaki 9 za dharura. Kinachozila mara nyingi ni hesabu ya stoo: mfumo unasema kuna kopo 1 la aiskrimu, rafu ni tupu, mwokotaji anampigia mteja simu, dakika 6 zimekwenda. Dawa yake ni kuficha bidhaa mtandaoni zikibaki 2, usingoje ziishe. Aiskrimu nayo iokotwe mwisho kabisa, mpelekaji akiwa tayari amesimama mlangoni.

Bisi_za_Jioni:
Asanteni. Basi si bora kuweka kiwango cha chini, tuseme dola 25, kuliko kutoza usafiri?

MezaYaHesabu:
Kwenye karatasi, ndiyo. Dola 25 kwa asilimia 30 ni 7.50, toa 2 za ghala na 3.33 za mpelekaji, unabaki na 2.17. Ila anayetaka filamu moja na aiskrimu saa tatu usiku hanunui vya dola 25, anazima kompyuta. Anayekubali naye hujazia kapu kwa soda na maji: vizito, faida ndogo, na begi la baiskeli linajaa kwa oda 2 badala ya 4. Mimi ningeweka usafiri unaoshuka: dola 4 chini ya kapu la dola 15, dola 2 hadi 30, bure kuanzia hapo.

Stoo_Usiku:
Na ungepanga zamu kwa oda. Wateja wa filamu na vitafunio huagiza kati ya saa moja jioni na saa tano usiku. Ukiajiri wapelekaji 10 kuanzia adhuhuri, unawalipa saa 7 za kukaa tu, na oda 5 kwa saa za jioni hazizirudishi. Weka 2 mchana, 10 jioni, na mchana huohuo hao 2 ndio wazungukie masanduku.