Mac inasema TB 1.85, Windows inasema diski ni TB 1.81: zitaenea?

mtunza_kanda:
Wakuu, habari za kazi. Kuna folda ya video na picha kwenye Mac, Finder (programu ya Mac ya kuona mafaili) inaisoma TB 1.85. Diski ya nje imeandikwa TB 2 kwenye boksi, lakini ukiichomeka kwenye Windows inasoma TB 1.81. Itaenea, au ninunue ya TB 4? Na tovuti za kubadilisha vipimo mbona kila moja ina jibu lake?

baiti_kwa_baiti:
Itaenea mkuu. Usilinganishe 1.85 na 1.81, hivyo ni vipimo viwili tofauti vinavyotumia jina moja. Mac inahesabu kwa 1,000 tangu toleo la 10.6 la mwaka 2009, sawa na watengenezaji wa diski. Windows inagawa kwa 1,024 halafu inaandika TB vilevile, wakati kipimo hicho kina jina lake, tebibaiti (TiB).

Ukitaka kuwa salama, shuka hadi kwenye baiti. Kwenye Mac chagua folda ubonyeze Cmd+I. Kwenye Windows bofya kulia kwenye diski, fungua Properties. Zote mbili zinaonyesha idadi kamili ya baiti, na baiti haibadiliki popote.

Diski: 2,000,000,000,000 ÷ 1,099,511,627,776 (yaani 1,024 × 1,024 × 1,024 × 1,024) = 1.819. Windows inakata tarakimu ya mwisho, unaona 1.81.
Folda: 1,850,000,000,000 ÷ 1,099,511,627,776 = 1.68.

Zitabaki GB 150 za Mac, ambazo Windows itaziita 139. Hakuna kilichoibiwa. Tovuti nazo zinatofautiana kwa sababu hiyohiyo: nyingine zinatumia 1,000, nyingine 1,024. Kwenye KB tofauti ni 2.4% tu, kwenye GB inafika 7.4%, kwenye TB karibu 10%. Ndiyo maana kwenye flashi ndogo watu hawaishtukii.

fundi_hifadhi:
Hesabu ya mkuu hapo juu ni sahihi, ila angalia fomati (mfumo wa kupanga faili diskini, kama NTFS, FAT32 au exFAT) kabla ya kunakili. Mac inasoma NTFS lakini haiandiki juu yake bila programu ya ziada. FAT32 nayo haipokei faili moja ya GiB 4 (GB 4 kwa hesabu ya Windows) na kuendelea, kwa hiyo video ndefu zitagoma hata kama nafasi ipo tele. Tumia exFAT, Mac na Windows zote zinaisoma na kuiandika.

Tatizo la exFAT ni klasta, yaani kipande kidogo kabisa cha nafasi ambacho faili inaweza kupewa. Kwenye diski kubwa Windows huweka klasta ya KB 128, na kila faili, hata ya KB 4, inachukua klasta nzima. Faili 500,000 za namna hiyo ni GB 2 za data, lakini diskini zinakula GB 65. Mac nayo huweza kuongeza faili fiche zinazoanza na "._", kila moja na klasta yake. Zikiongezwa kwa kila faili, zile GB 150 zinakaribia kuisha.

Kama kweli una vijipicha vingi, fomati kwa klasta ndogo (inafuta kila kitu; badala ya X weka herufi ya diski yako, na uihakikishe):

format X: /FS:exFAT /A:32K /Q

Au vifunge vyote kwenye ZIP moja. Kama ni video kubwa tupu, acha ilivyo.

mtunza_kanda:
Shukrani sana wakuu. Ni video, vijipicha ni vichache. Itachukua muda gani? Na nikipandisha mtandaoni kwa Mbps 10?

baiti_kwa_baiti:
Diski ya kuzunguka kwenye USB 3, kadiria MB 100 kwa sekunde: sekunde 18,500, saa tano na kidogo. Ukichomeka kwenye tundu la USB 2 unapata kama MB 35, hapo ni karibu saa 15.

Mtandaoni, b ndogo ni biti, na biti 8 ni baiti moja. Mbps 10 gawa kwa 8, unapata MB 1.25 kwa sekunde. Ni siku 17 mfululizo, usiku na mchana, laini isipokatika. Nakili diskini kwanza.