Agosti na watoto wadogo kutoka Nakuru: Kisumu, ushago Kakamega, au tubaki hapa hapa?

mama_wawili58
Hamjambo wazazi. Shule zikifungwa Agosti, mimi na mzee tutakuwa na siku sita za likizo pamoja, jambo ambalo halijatokea tangu huyu mdogo azaliwe. Tunaishi Nakuru, Section 58. Watoto ni wawili. Msichana ana miaka mitano na hutapika gari likipiga kona ya tatu. Mvulana ana mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya, na usingizi wake lazima aupate saa saba mchana, la sivyo jioni hatukaliki. Gari tunalo, dogo. Pesa ni elfu thelathini, mafuta yakiwemo.

Tumechujachuja, yamebaki matatu:

1. Kisumu siku nne, tukodi nyumba ndogo yenye jiko.
2. Ushago kwa mama mkwe, karibu na Khayega, Kakamega. Kulala bure, kula bure, lakini kupumzika sahau. Saa kumi na mbili asubuhi niko jikoni kwenye moshi, na hakuna atakayeniambia niketi.
3. Tulale kwetu na kutoka mchana tu: Ziwa Nakuru, Ziwa Bogoria, Hyrax Hill (kilima cha makumbusho).

Mzee anasema kulipia kitanda Kisumu ilhali nyumbani ni kilomita hamsini tu mbele ni kumtukana mamake. Mimi nasema likizo ni yangu pia. Naomba majibu ya watu waliosafiri na watoto wa umri huu, si wale walioona picha.

dere_mstaafu
Mama, nimeendesha matatu Nakuru–Kisumu miaka kumi na moja, kwa hiyo nitasema ya barabara, ya mama mkwe nawaachia wengine.

Ni kama kilomita 180. Mtu mzima peke yake anatumia saa tatu na nusu. Na mtapikaji garini, hesabu tano na usigombane na mtu. Wengi watakwambia utoke saa kumi usiku watoto wakiwa wamelala. Usifanye hivyo. Kati ya Salgaa na Mau Summit kuna malori yaliyobeba mzigo tangu Mombasa, na hata baada ya kuwekwa ukuta wa katikati, giza pamoja na ukungu wa Agosti si mahali pa kujaribia bahati. Toka kukipambazuka.

Huyo msichana asinywe chai ya maziwa asubuhi. Mpe mandazi makavu au kipande cha mkate, maji kidogo kidogo. Akae katikati nyuma aone mbele, na asishike simu kabisa. Kona mbaya kwa tumbo ziko kwenye majani chai ya Kericho, kwa hiyo simama kabla ya kuzifikia, si baada. Ukipita Kericho unaanza kuteremka, masikio yanaziba. Mdogo mnyonyeshe hapo (simamisheni gari, mama, usimtoe kwenye kiti chake likiwa mbioni). Nakuru iko kama mita 1,850 juu, Kisumu ni 1,130 hivi. Mtoto uliyemvika sweta tatu Nakuru, ukifika Awasi amelowa jasho na analia, nanyi mnadhani ni njaa.

baba_wa_reli
Na treni je? Ile ya Nairobi–Kisumu ilifufuliwa Desemba 2021. Mwanangu wa miaka minne alisimama dirishani mpaka shingo ikamuuma. Choo kipo humo humo, anatembea, hakuna kona za kutapisha.

dere_mstaafu
Kwa mtu wa Nairobi ni sawa. Kwa Nakuru inapita usiku wa manane. Utakaa stesheni na mtoto wa kunyonya, baridi ile, mpaka saa ngapi? Na ukifika Kisumu huna gari.

baba_wa_reli
Hapo umenishinda. Lakini wa miaka mitano angeipenda. Atakayetaka apite stesheni kwanza aulize kama inatembea wiki hiyo, asitegemee tangazo la zamani.

nyar_dunga
Mimi ni wa Kisumu, kwa hiyo mnajua nitaegemea wapi.

Uzuri wa Kisumu kwa watoto wadogo ni kwamba vitu viko karibu karibu. Asubuhi unaenda Hifadhi ya Impala, ile ya KWS (shirika la wanyamapori) kando ya ziwa. Ni ndogo, unaimaliza kwa miguu kabla mdogo hajaomba kubebwa. Swala wanazunguka, simba wako ndani ya uzio. Chakula usikishike mkononi. Tumbili wa pale wanajua kufungua mfuko wa mkate kuliko mwanao. Saa tano uko nje, unapika, mtoto analala saa saba yake. Saa kumi unaenda Makumbusho ya Kisumu: kuna nyoka, kobe, samaki wa ziwani kwenye matangi, na boma zima la Kijaluo la kuingia na kutoka. Siku nyingine nenda Kit Mikayi, kama kilomita 30 kwa barabara ya Bondo. Mawe makubwa yamebebana, na hadithi ya mke wa kwanza utasimuliwa hapo hapo.

Dunga, ufukwe wa wavuvi, nenda jioni, jua likizama. Sasa sikiliza. Mashua usipande mpaka uone jaketi la kuelea la saizi ya mtoto. La mtu mzima mtoto anateleza akatoka chini. Mwaka jana tulipewa la baba yake kwa binti yangu wa miaka minne, nahodha akasema litamtosha nikikaza kamba. Nilimnyanyua kwa mabega ya jaketi, pale pale ufukweni: jaketi likaja, mtoto akabaki amesimama mchangani. Tukaghairi, tukala samaki. Na miguu isiingie majini hata kwa picha. Kichocho kipo, na viboko jioni hutoka kuja kula nyasi.

Kwa samaki, mtoto mpe mbuta (sangara), nyama yake ni nene na miba yake unaiona. Ngege ni mtamu zaidi lakini una kazi ya kuchambua mpaka ugali upoe.

muuguzi_wa_zamu
Hakuna aliyetaja mbu, nami nimengoja.

Watoto waliokulia Nakuru hawajazoea malaria. Wa Kisumu na Kakamega wameumwa na mbu tangu wachanga, na tangu 2019 kaunti kadhaa za magharibi zinatoa chanjo ya malaria kliniki. Wako hana kinga hiyo wala ile. Kwa hiyo, mama:

Beba neti zako. Hiyo iliyoandikwa kwenye tangazo la nyumba usiitegemee. Sisi tulilala mahali fulani pazuri tu, neti ipo, lakini ina tundu la kupitisha ngumi. Nililifunga kwa mpira wa nywele. Kabla ya safari pita kliniki uulize kuhusu dawa ya kinga kwa uzito wa kila mtoto. Usigawe vidonge vya mtu mzima kwa kisu. Jioni mikono mirefu na soksi.

La muhimu kuliko yote ni hili. Malaria haiji siku mliyoumwa. Inachukua wiki moja au zaidi. Mtoto akipata joto mkiwa mmesharudi Nakuru, mpelekeni kupimwa siku hiyo hiyo na mwambieni daktari tulikuwa magharibi. Usipomwambia atafikiria mafua.

baba_watatu
Watoto hao hawatakumbuka chochote. Nunua bembea ya elfu nne, hizo ishirini na sita weka benki.

mama_wawili58
Mimi nitakumbuka.

bibi_harusi_wa_shinyalu
Dada yangu, mimi pia niliolewa huko, mwaka wa tisa sasa, na nitatetea namba mbili ingawa naijua ile saa kumi na mbili jikoni.

Agosti huko ni mahindi mabichi. Watoto wangu wakifika, kukhu (bibi yao) anawapa kila mmoja gunzi lake lililochomwa, wanakaa chini ya mti na binamu saba, na mimi nasahau kama nilizaa. Nakuru namfuata mdogo kila hatua, ushago ana macho ishirini yanayomtazama. Hilo peke yake ni likizo. Vitu vyangu viwili vya hatari ni kisima na moto wa mafiga. Hivyo siviachii mtoto wa miaka saba anilindie.

Kuhusu jikoni: usiende bila kupanga. Mimi mwaka wa pili nilimwambia mume wangu kabla hatujafunga mikoba, mwambie mama mapema kwamba mtoto ananyonya usiku, nitaamka saa mbili. Akimwambia yeye ni habari. Nikimwambia mimi ni kiburi. Na fika na sukari, majani chai, mkate na leso mpya. Mkono mtupu hata mimi nisingekupokea.

Msitu wa Kakamega uko jirani. Nendeni asubuhi, kwa sababu mvua ya saa tisa haina mjadala Agosti. Mbega weusi kwa weupe mtawaona juu ya miti, mikia kama mashungi. Suruali iingizwe ndani ya soksi, siafu hawana heshima kwa wageni. Kama mnaendelea upande wa Bungoma na mwaka ni wa namba shufwa, mtakutana barabarani na vijana wa Kibukusu wakipiga njuga, msimu wa tohara. Punguzeni mwendo, wapisheni.

mtembezi_wa_lanet
Namba tatu imeachwa yatima. Kwa mtoto wa mwaka na nusu ndiyo bora, kitanda chake kiko pale pale.

Hyrax Hill ni dakika chache kutoka mjini. Kuna bao lililochongwa kwenye jiwe lenyewe, na watoto wangu walicheza kwa kokoto wakasahau kuomba simu. Ziwa Nakuru kuna vifaru, twiga, nyati. Ndovu hakuna, usimwahidi mtoto. Lipa kwa eCitizen (mtandao wa malipo wa serikali) ukiwa nyumbani, langoni hawachukui taslimu, na mtandao hapo hukuaibisha. Flamingo wengi walihama maji yalipopanda. Ukiwataka nenda Bogoria. Lakini Bogoria na huyo mdogo… maji ya moto pale yanachemka kweli, watu huchemshia mayai. Mtoto anayekimbia, mbebe mgongoni kwa leso muda wote, au ngoja afike miaka minne.

Kasoro ya namba tatu mtaijua siku ya pili. Ukirudi nyumbani jioni vyombo vinakungoja, na jirani anabisha hodi kuuliza mnaenda wapi kesho.

mama_wawili58
Asanteni sana, nimesoma yote kwa mzee kwa sauti. Nilipofika pale pa "nikimwambia mimi ni kiburi" alinyamaza, kisha akatoka nje kupiga simu.

Tumekata hivi: Kisumu usiku mbili tukienda, ushago usiku tatu, kisha nyumbani. Neti zimenunuliwa.

mama_wawili58 *(wiki tatu baadaye)*
Nimerudi kuripoti kama nilivyoahidi.

Barabara: alitapika mara moja, tena kabla ya Mau Summit, kwa sababu shangazi yake alimpa chai ya maziwa nikiwa naoga. Dere, nimekubali. Kutoka tulipowasha gari hadi Kisumu safari ilichukua saa tano kasoro robo.

Kisumu: usiku mbili zilitosha. Ya tatu ingekuwa ya mzee kula samaki. Jaketi la mtoto halikuwepo, hatukupanda mashua, msichana akalia, akanyamazishwa na tuktuk. Tulimzungusha mara tatu kutoka Dunga hadi mjini. Mdogo alilala saa saba yake siku zote mbili chini ya neti yetu.

Ushago: niliamka saa mbili na chai ikaletwa. Mama mkwe hakusema neno, ila aliniangalia kwa pembe ya jicho siku ya kwanza. Siku ya pili niliamka mwenyewe saa kumi na mbili na tukamenya njugu pamoja, tukazungumza mpaka jua likawaka. Sijawahi kuongea naye hivyo miaka saba. Mzee hajui tulisema nini na hatajua.

Pesa: elfu ishirini na saba na mia nne. Nyumba ya Kisumu ndiyo ilikula nyingi.

Afya: siku ya tisa baada ya kurudi msichana alipata joto. Tulimpeleka jioni ile ile, tukataja magharibi, akapimwa. Hana malaria, ni mafua. Muuguzi, ubarikiwe.

Sasa nina swali jingine. Siku ya kuondoka kukhu alimpa msichana kuku jike, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na zawadi ya mkwe hairudishwi. Kuku huyo yuko baraza ya ghorofa ya tatu, Section 58. Amepewa jina. Ameanza kutaga. Mwenye nyumba amepiga simu mara mbili. Kuna mtu Lanet au Njoro mwenye banda, ambaye atakubali tuwe tunakuja kumtembelea Jumamosi?

mtembezi_wa_lanet
Mlete. Mayai tutagawana.